Mbunge Alikwama Wapi, na Sisi Tulikwama Wapi?

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama na vijana, Kuze, Mji wa Kale, Mombasa)



Twashukuru kwa kutukaribisha tena hapa Kuze. Kahawa tumekunywa, mahamri tumekula, sasa tuzungumze. Mara ya mwisho tulikuja kwa habari ya kuweka na kukopa. Tulipokuwa twaaga pale mlangoni, mama mmoja wa makamo alitushika mkono akatuuliza: "Nyinyi watu wa kanisa, mwaka 2010 mlizunguka huku mkisema kile kifungu cha kutoa mimba ni kibaya. Wabunge nao wakaapa watakiondoa. Mbona mpaka leo kipo? Walituhadaa?"

Tulimwambia, mama, swali lako si la kujibiwa kwa mguu mmoja nje. Tutarudi nalo. Leo tumerudi nalo.

Tutafuata desturi yetu ya siku zote. Kwanza tuone jambo lilivyo, halafu tulipime, mwisho tuamue la kufanya.

Kunde mkekani

Hebu tumwage kunde hapa mkekani. Tuhesabu 222. Hao ndio waliokuwa wabunge wa Kenya mwaka 2010: 210 wa kuchaguliwa na 12 wa kuteuliwa.

Sasa tujifanye sisi ni mbunge mmoja kati ya hao. Tunaamini kwamba uhai wa mtoto waanza tumboni na kwamba sheria imlinde. Tumewaahidi watu wetu hivyo. Rasimu ya katiba imeandikwa na Kamati ya Wataalamu. Kamati teule ya bunge imekaa Naivasha mwezi wa Januari, imeipunguza na kuirekebisha. Imerudi kwa wataalamu, na sasa imeletwa bungeni. Tunaisoma, twaona maneno tusiyoyapenda. Tutafanyaje?

Jibu ni kwamba twaleta pendekezo la kubadilisha. Lakini sheria iliyosimamia kazi ile ilisema pendekezo halipiti mpaka liungwe mkono na asilimia 65 ya wabunge wote. Hesabuni: ni kunde 145. Angalieni vizuri, hatukusema 145 ya waliokuja siku ile. Ni 145 ya wote, waliopo na wasiokuwepo. Kwa hivyo wabunge 78 wakikataa, au wakienda kunywa chai, pendekezo limekufa. Aliyekosa kuja ni sawa na aliyepinga.

Na kila mmoja alikuwa na lake. Huyu ataka majimbo, yule ana shida na kifungu cha ardhi, mwingine ataka uhai, mwingine ataka viti zaidi. Mapendekezo yalipita 150. Kila mtu alivutia kamba kwake, na hakuna aliyepata kunde zake 145. Tarehe 1 Aprili 2010 bunge lilipitisha rasimu ile kama ilivyoletwa.

Basi, mama uliyeuliza, huyo ndiye mbunge wako wa kwanza kukwama. Pengine hakukuhadaa. Pengine alipiga kelele kweli kweli, lakini kelele hazihesabiwi bungeni. Huhesabiwa kura.

Karatasi moja, swali moja

Kutoka bungeni rasimu ilikuja kwetu wananchi. Mwakumbuka ile kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti 2010: kijani ni Ndiyo, nyekundu ni Hapana. Na wale wanasiasa walioitwa tikiti maji, nje kijani, ndani nyekundu.

Katiba nzima, vifungu 264, jibu ni moja tu. Huwezi kusema: hiki nataka, kile sitaki. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu hapa kwetu Mombasa kuliko mahali pengine. Viongozi wengi wa makanisa walipinga mambo mawili kwa pamoja: kifungu cha uhai na mahakama za kadhi. Mahakama hizo zimekuwa katika katiba tangu uhuru, kwa makubaliano ya 1963 kati ya serikali ya Kenya na ya Zanzibar juu ya Mwambao. Mei 2010 Mahakama Kuu, katika kesi iliyopelekwa na viongozi wa makanisa tangu 2004, ikasema kuziweka katika ile katiba ya zamani hakukuwa sawa. Hebu fikirini habari hiyo ilivyofika hapa Kuze.

Tuseme kweli, ndugu zetu. Juu ya mtoto aliye tumboni, mama wa Kuze na mama wa parokia hawako mbali. Waislamu wana hukumu zao za kifiqhi na sisi tuna mafundisho yetu, lakini wote twasema uhai si mchezo. Tungeweza kukaa baraza moja. Badala yake tulikuja na habari ya uhai katika mkono mmoja, na katika mkono wa pili tukawaambia majirani kwamba mahakama inayogawa urithi wa mama zao haifai. Nani angetusikiliza? Sisi wenyewe tulifukuza kunde zetu mkekani.

Matokeo mwayajua. Ndiyo walipata kura zaidi ya milioni 6, Hapana karibu milioni 2.8. Katiba ikatangazwa tarehe 27 Agosti 2010.

Mlango una kufuli tatu

Kijana mmoja hapa amenong'ona, "Si wabadilishe tu sasa?" Kijana, swali zuri. Kifungu cha uhai kimo katika Sheria ya Haki. Kukibadilisha kwahitaji theluthi mbili ya Bunge la Taifa, theluthi mbili ya Seneti, halafu turudi tena kwenye kura ya maamuzi. Mwaona kufuli hizo? Hata BBI, iliyobebwa na rais pamoja na kiongozi wa upinzani, ilianguka Mahakama ya Juu mwezi wa Machi 2022. Sembuse mbunge mmoja.

Na kuna jambo jingine la kutufungua macho. Mwanasiasa mkubwa aliyeongoza upande wa Hapana mwaka 2010 alikuwa William Ruto, wakati ule waziri na mbunge wa Eldoret Kaskazini. Mwaka 2013 akawa naibu wa rais. Septemba 2022 akaapishwa kuwa rais, na kiapo chenyewe ni kuilinda katiba ile ile aliyoipinga. Kifungu kiko palepale. Hatusemi hivi kumcheka. Twasema ili tujue kwamba hata ukipanda ngazi mpaka juu kabisa, kufuli zile zakungoja.

Je, bunge la kaunti? Kuna waliotuuliza kama mwakilishi wa wadi aweza kutunga sheria yake hapa Mombasa. Hawezi. Makosa ya jinai ni mambo ya serikali ya taifa. Kaunti ina zahanati na hospitali zake, na hilo tutalirudia.

Marekani ni tofauti. Huko, tangu mahakama yao kuu iliporudisha jambo hili mikononi mwa majimbo mwezi wa Juni 2022, kila jimbo laamua lake. Mtu angefikiri wabunge wanaopinga utoaji mimba wamefika peponi. Lakini Agosti ya mwaka huo huo, katika jimbo la Kansas, wabunge walipeleka kwa wananchi pendekezo la kuondoa ulinzi wa haki ya kutoa mimba katika katiba ya jimbo. Kansas ni jimbo la watu wa msimamo wa kale. Hata hivyo asilimia 59 walikataa. Kumbe mbunge hukwama hata penye mlango wazi, kama watu nyuma yake hawajashawishika.

Bunge likinyamaza

Huku kwetu mbunge hukwama kwa njia nyingine pia. Mwaka 2014 uliletwa mswada wa afya ya uzazi katika Seneti, haukufika. Mwaka 2019 Seneta Susan Kihika wa Nakuru akaleta mwingine. Maaskofu wetu waliupinga, na bunge lile likamaliza muda wake 2022 mswada haujawa sheria. Waliopinga walifurahi. Lakini shamba lisilolimwa halibaki tupu, huota magugu au hulimwa na mwingine.

Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo kwa wahudumu, 2013 ikauondoa. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu wakasema kuuondoa kulikuwa kosa. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi, katika kesi ya msichana wa shule na mhudumu wa afya aliyemtibu, ikaondoa mashtaka yao na kuliambia bunge litunge sheria. Uamuzi huo ulipingwa kwa rufaa. Mwaona? Wabunge wakikaa kimya, mengine huamuliwa ofisini na mahakamani, na mbunge aliyekuwa na maneno mengi husoma habari gazetini kama wewe na mimi.

Nusu ya kifungu

Sasa tumemsema mbunge. Haki yadai tujiseme na sisi.

Sisi ni Wakatoliki. Mafundisho ya Kanisa juu ya mtoto aliye tumboni hatuyafichi wala hatuyapunguzi. Lakini mwaka 2010 tulipozunguka vijijini, tulisoma nusu ya kifungu. Tulisema: kutoa mimba ni jinai, anayemtoa mwanamke mimba ni miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7. Hayo ni kweli, yamo katika Kanuni za Adhabu. Tukaketi.

Kifungu cha 26 chasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Chasema kutoa mimba hakuruhusiwi. Halafu chaendelea: isipokuwa, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa, pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au iwe imeruhusiwa na sheria nyingine iliyoandikwa. Na kifungu cha 43 chasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Hayo hatukuwasomea watu.

Baada ya miaka kadhaa, katika kijiji kimoja bara, mwanachama wa kikundi chetu alikuwa na binti aliyeolewa karibuni. Mimba yake iliharibika yenyewe. Hakunywa dawa, hakwenda kwa mtu. Alianza kutokwa na damu siku ya Ijumaa. Mama mtu alikumbuka semina yetu. Akamwambia binti, tukienda hospitali watasema umeitoa, watakufunga. Wakafunga mlango. Wakachemsha majani. Jumatatu usiku tuliitwa, binti hajijui, mwili wawaka moto. Tulimbeba kwa pikipiki mpaka barabarani, halafu kwa matatu tuliyoikodi.

Aliokoka, Mungu ashukuriwe. Lakini kizazi kilitolewa. Ana miaka 22, hatazaa tena.

Mama yake hakutulaumu. Alitwambia tu, "Lakini ni nyinyi mlisema miaka saba." Maneno yale hatujayasahau. Sisi tuliojiita watetezi wa uhai tulimfundisha mama kuogopa hospitali.

Na si yeye pekee. Utafiti wa Wizara ya Afya na wenzake ulikadiria kwamba mwaka 2012 peke yake wanawake karibu 120,000 walitibiwa Kenya kwa madhara yaliyotokana na kutoa mimba. Hao ni waliofika hospitali. Waliofungiwa mlango kama binti yule hawamo katika hesabu hiyo.

Karatasi ile ile

Kuna kosa la pili, na hili twashirikiana na mbunge. Katika karatasi ile ile ya 2010, kurasa chache mbele ya kile kifungu tulichokipigania, kulikuwa na kifungu cha 53. Chasema kila mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wameoana au hawakuoana. Nani kati yetu alikitaja jukwaani? Hakuna.

Akina mama wazee watakumbuka habari hii. Tangu 1959 palikuwa na sheria ya kumlazimisha baba wa mtoto wa nje ya ndoa kutoa matunzo. Mwaka 1969 bunge likaifuta. Bunge lile halikuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango wa Kisumu, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge, aliingia katika uchaguzi wa Desemba mwaka huo, sheria imeshazikwa. Na hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilimtwika mama kwanza kama hakuolewa. Tulingoja miaka 41 mpaka katiba hii tuliyoikataa ituletee haki hiyo, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikaifuata.

Sasa tupime. Msichana wa shule ya msingi au wa sekondari ashika mimba. Mwenye mimba amekana. Baba mzazi amemfukuza. Shule yamtazama vibaya. Yuko peke yake usiku ule. Ni neno gani litamfanya azae mtoto wake? Miaka saba ya jela? Au mtu wa kumwambia: mwanangu, utakula, utarudi shule, na yule mvulana ataitwa atoe matunzo? Nyinyi mna watoto, mwajua jibu.

Mbunge akikwama penye kura 145, hapa penye kifungu cha 53 hakuna kufuli. Mlango uko wazi tangu 2010. Twaweza kuingia leo.

La kufanya

Tulikubaliana na vikundi vya hapa Kuze mambo matano. Vikundi vya vijijini mwaweza kuyaongeza.

1. Mwanamke mjamzito akitokwa na damu, akiwa na homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu wenye harufu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Usimwulize alifanya nini. Kumtibu si kosa. Kila kikundi kiwe na akiba ndogo ya usafiri wa usiku, na namba ya mwenye tuktuk au pikipiki.

2. Baba akikana, msiishie kwa wazee kupatanisha kwa mbuzi. Mwende kwa ofisa wa watoto. Hapa Mombasa kesi za watoto husikizwa mahakama ya Tononoka. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116. Kama msichana ni mtoto wa chini ya miaka 18, hiyo ni jinai, ripoti polisi.

3. Msichana aliyezaa arudi shule. Serikali imekuwa na mwongozo huo tangu 1994. Mwalimu mkuu akikataa, wanakikundi watatu wafuatane na mzazi. Mzazi peke yake huogopeshwa, watatu husikilizwa.

4. Mwakilishi wa wadi aulizwe habari ya zahanati: mkunga yupo usiku? Damu ipo? Dawa zipo? Hayo ndiyo yaliyo mkononi mwake. Mbunge naye aulizwe habari ya karo za wasichana waliorudi shule. Mgombea akija kutuambia kwamba anapinga utoaji mimba, tumwambie ahsante, halafu tumwulize: umefanya nini juu ya kifungu cha 53?

5. Mswada wowote ukija, tuuombe, tuusome wote. Katiba yaturuhusu kutoa maoni na kupeleka maombi bungeni. Asiyejua kusoma asomewe. Na tusome pamoja, Mkristo na Mwislamu, kabla wanasiasa hawajatugawa rangi.

Neno la mwisho

Mama uliyetuuliza, jibu letu ndilo hilo. Mbunge wako alikwama kwa hesabu, kwa kufuli, na kwa sababu alikuwa na watu wachache nyuma yake kuliko alivyodhani. Sisi tulikwama kwa kusoma nusu. Kama wabunge watakibadilisha kifungu kile siku moja au hawatakibadilisha, hilo latungoja sanduku la kura. Binti anayetokwa na damu hangoji.

Mama huyo alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akazikusanya zile kunde mkekani, zote 222, akasema hawezi kuziacha zikanyagwe. Alizipika mchana ule, tukala pamoja.

Maswali ya kujadiliana kikundini

a) Katika kijiji chetu, msichana akishika mimba, mtu wa kwanza anayemwambia ni nani? Kwa nini si sisi?

b) Je, kuna mtu aliyeogopa kwenda hospitali kwa sababu ya maneno tuliyoyasema sisi wenyewe?

c) Ni akina baba wangapi hapa kijijini wanaotunza watoto waliozaa nje ya ndoa? Kikundi chaweza kufanya nini na wale wengine?

d) Akiba ya usafiri wa dharura itoke wapi, na nani aishike?

Mtuandikie mlivyokubaliana. Mungu awabariki katika kazi zenu.